Makovu Mawili Mazuri

4 Februari

Sindano mpwa wangu,

Huku wazima, ukiniondoa mimi. Mama yako hajambo na ameniamuru niandike kwamba anakula vizuri. Anakula vizuri mno. Gauni lake la kijani nimelipanua kiuno mara mbili tangu uondoke, na kila mara anaapa kwamba ni kitambaa kilichorudi kwa kufuliwa. Nakuandikia barua kwa kuwa simu huinyakua yeye kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe sitaki alisikie bado.

Ni kidole. Kidole gumba cha mguu wa kushoto, mguu ninaokanyagia cherehani. Kilianza kwa baridi, ikaja ganzi, halafu maumivu. Sasa ni cheusi na ukucha umelegea. Jana nilivua soksi, ngozi ikabaki ndani ya soksi. Nilikaa kitini nimeishika ile soksi kwa ncha za vidole, nikaona kinyaa ambacho sijawahi kukiona, na mimi nimepima viuno vya watu wasiooga kwa miaka thelathini na tano.

Daktari wa hapa ni kijana mpole wa umri wako, anayeshika kalamu kama vile itamng'ata. Anasema mshipa unaoleta damu mguuni umeziba pajani kwa sababu ya sigara zangu. Nimeziacha, usianze. Anataka kuchukua mshipa mwingine wa paja langu mwenyewe na kuushona uwe njia ya pembeni, damu ipite. Na ili aupate huo mshipa, atanipasua kutoka kinenani hadi chini ya goti. Alinionyesha kwa kidole juu ya suruali. Nilikuwa nimeipiga pasi vizuri, naye akafuata mstari wa pasi moja kwa moja hadi chini.

Nimeshindwa kula tangu siku hiyo. Wewe ndiyo kazi yako huko, kuutoa mshipa na kumkabidhi mkubwa wako. Nasikia kwenu mnautoa kwa matundu tu. Niambie ukweli, na upesi.

Mjomba wako, mwenye vidole kumi kwa sasa


19 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chumba cha kubadilishia nguo, nimesimama, kofia ya kazi bado kichwani. Mimi mzima. Nimehama nilipokuwa nakaa, maana mwenye nyumba alikuwa na paka watatu na ngazi zote zilinuka mikojo yao. Sasa nakaa juu ya duka la vioo, hakunuki chochote. Msalimie mama, mwambie gauni la kijani alipumzishe.

Namna ni mbili. Ya kwanza ni hiyo uliyochorewa kwenye suruali. Paja linafunguliwa, mshipa unaonekana wote, matawi yake yanafungwa kwa uzi moja moja, ndipo unatolewa. Mshipa unatoka safi. Tatizo ni paja linalobaki. Mjomba, nimebadilisha bandeji za mapaja hayo mwaka mzima kabla sijapandishwa chumba cha upasuaji. Ni kidonda kirefu kwenye mguu ambao hauna damu ya kutosha kukiponya. Kinaachia katikati, nyuzi zinakata nyama, usaha unatoka wa rangi ya haradali, na harufu yake inakaa kwenye nywele hata ukiziosha mara mbili. Nilikuwa napumua kwa mdomo, halafu nikajikuta naionja.

Ya pili ndiyo ninayofanya sasa. Tundu moja karibu na goti na jingine kinenani, kila moja fupi kama kidole gumba. Naingiza bomba lenye kamera, tunapuliza hewa ili ipatikane nafasi, naangalia kwenye skrini, nautenga mshipa na nyama, matawi nayakata kwa moto, kisha nauvuta nje. Baada ya wiki mbili mtu anavaa kaptura.

Mkubwa wangu hafanyi namna nyingine. Tunamwita Bingwa. Jina hilo alianza kujiita mwenyewe, sisi tukalishika. Njoo huku. Mshipa wako nitautoa mimi kwa mikono yangu. Nimeweka na kipeperushi chetu uone.

Wako,
Sindano


3 Machi

Sindano,

Tuko hivyo hivyo. Kipeperushi chako kilidondoka kwenye bahasha na mama yako akakiokota. Kwa hiyo sasa anajua yote, na ameacha kula. Gauni litamtosha.

Kipeperushi chenyewe kimeniudhi. Huo mguu ni wa msichana wa miaka ishirini, umenyolewa, umepakwa mafuta, haujawahi kuumwa hata na mbu. Na maandishi yake, "Hakuna atakayejua." Mimi sitafuti mguu wa kuficha siri, natafuta mguu wa kukanyagia cherehani. Nimekitupa, nikakiokota, nikakitia chini ya mguu wa meza ulio mfupi. Angalau kinafanya kazi.

Kidole cha pili kimeanza, na harufu imekuja. Namwagia manukato dukani hadi macho yananiwasha, ikawa harufu mbili badala ya moja. Juzi mteja wangu wa zamani, yule karani, alitoa leso akaziba pua wakati namjaribisha koti. Leso ile niliipinda mimi mwenyewe, kingo zote nne. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa nakuuliza kama fundi kwa fundi. Ukiwa na hilo bomba ndani, unaona pande zote za mshipa au upande mmoja tu? Huo moto unaokatia matawi, hauubabui mshipa wenyewe? Mimi pasi ikikaribia hariri nashika pumzi. Na ukishautoa, unajuaje upande wa juu na wa chini? Mahameli ukiishona kinyume na manyoya yake, kila mtu anaona. La mwisho ndilo kubwa. Hao watu wenu wa kaptura, baada ya miezi sita wako wapi? Mimi kazi yangu naijua mteja anaporudi, siku ya kuchukua nguo kila mtu anatabasamu.

Mjomba wako, vidole vinane na viwili vya wasiwasi


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Kazi zilizidi. Wiki iliyopita tulikuwa na wagonjwa wanne kwa siku moja, na Bingwa alileta watu wa kupiga picha. Duka la vioo hapa chini limevunjikiwa na kioo kizima mlangoni, wamefagia siku mbili na bado vipande vinaonekana jua likitoka.

Maswali yako yamenichekesha, ungekuwa mwalimu wetu tungekoma. Kamera inaona mbele na pembeni, upande wa nyuma unaugeuza taratibu kwa ncha ya bomba. Moto unatakiwa ukae mbali kidogo na mshipa, ukilikata tawi karibu mno unaubabua. Ndiyo maana kazi hii ina mafunzo. Na kuhusu mahameli, umepatia kabisa! Ndani ya mshipa kuna vizuizi vidogo kama milango inayofunguka upande mmoja, basi mara nyingi tunaugeuza kichwa chini ndipo ushonwe, damu isije ikagonga mlango uliofungwa. Nilimsimulia daktari wa usingizi kuhusu mahameli yako, akacheka hadi barakoa ikamshuka.

Nimekupatia kitanda, tarehe 21 Aprili. Tafadhali usikikose, watu wanakigombea. Mengine tutaongea ukifika.

Wako,
Sindano


30 Machi

Sindano,

Mama yako anakusalimu na ameanza kula tena, mkate tu.

Maswali yalikuwa manne. Umejibu matatu, la nne umeliruka, halafu umenichekesha kwa mahameli ili nisihesabu. Unadhani nimezeeka kiasi hicho?

Nakufahamu, mwanangu. Ulikuwa na miaka kumi na minne ulipounguza gauni la bibi harusi kwa pasi. Ulinisimulia habari za siku nzima, nani alipita, nani aliuliza bei, paka gani aliingia. Gauni ukalikunja vizuri, pale palipoungua pakabaki ndani ya mkunjo. Mimi nililigeuza, kama ninavyogeuza kila nguo kabla haijatoka dukani, upande wa ndani nje. Unakumbuka nilikufanya nini. Sikukupiga. Nilikubebesha lile gauni ukalipeleka mwenyewe kwa bibi harusi na ukamwonyesha kwa kidole palipoungua.

Daktari wa hapa amesema nikikaa sana atakata mguu, si vidole. Ananiambia hivyo huku anaangalia viatu vyake. Mguu ukienda, cherehani imeenda, na mimi nitakuwa mtu wa kuketi kwenye kiti cha mama yako nikisikiliza anavyotafuna. Kwa hiyo sina muda wa kuzungushwa. Lijibu la nne, ndipo nitafunga mzigo wa kuja huko.

Mjomba wako


15 Aprili

Sindano,

Sijapata barua. Mtu wa posta ameanza kunikwepa kwa vile namdai barua zisizokuwepo.

Wiki mbili na ziada ni muda mrefu kwa swali la mstari mmoja. Nimeelewa. Keshokutwa napasuliwa hapa hapa, wazi, kutoka kinenani. Nilimwuliza kijana mpole maswali yale yale manne. La nne alisema, "Baba, wanaorudi na kidonda kibaya ni wengi, siwezi kukuficha. Wanaorudi mshipa umeziba ni wachache kuliko hao. Kuna wakubwa zangu wanaobishana kama mishipa ya matundu huziba zaidi, mimi nakuambia ya hapa kwetu." Macho yalikuwa kwenye viatu vyake, lakini alisema. Nikamwekea saini.

Kile kitanda mpe mwingine. Kwanza mgeuze umtazame.

Mjomba


16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za nyumba leo. Nimeandika barua hii mara tano na nne nimezitia kwenye pipa la takataka za hospitali, lile linalochomwa, kwa kuogopa zisisomwe.

Usije huku.

Mwezi wa nane mwaka jana tulimpokea mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mcheshi. Nilitoa mshipa wake mimi. Bingwa alikuwa ameshafungua mshipa ulioziba ili aushonee huo wangu, anasubiri, anagonga mkasi kwenye sinia, tik, tik, tik. Anahesabu dakika zangu kwa sauti mbele ya wageni waliokuja kumtazama akifanya kazi. Nilikata tawi moja karibu mno. Nilijua palepale. Mshipa ulipotoka niliona baka la kahawia, ukubwa wa punje ya mchele. Niliujaza maji kuujaribu, haukuvuja. Nilipaswa kusema, kipande kile kikatwe. Badala yake niligeuza mshipa kwa vidole viwili, baka likalala chini, nikamkabidhi. Bingwa akasema, "Safi sana," akaushona.

Umeona, mjomba. Nililikunja.

Alirudi Desemba. Unyayo baridi, mweupe kama nta, baadaye ukawa na rangi ambayo wewe sasa unaijua. Palipoziba ni pale pale. Walimkata chini ya goti na mimi ndiye niliyeshika mguu wakati msumeno unapita. Mguu uliokatwa ni mzito, hakuna anayekuambia. Niliubeba hadi kwenye beseni, kiganja changu kikiwa kwenye kisigino chake, na kisigino kilikuwa na mpasuko mdogo wa ukavu kama cha mama. Nilitapika ndani ya barakoa nikameza.

Na pajani mwake, juu ya bandeji ya kigutu, kuna makovu yangu mawili. Madogo, yamenyooka. Mazuri ajabu. Bingwa aliyapiga picha. Picha ya kinenani imekatwa vizuri isionyeshe chini, na iko kwenye kipeperushi kipya.

Usinielewe vibaya, namna yenyewe siyo uchafu. Nimeona watu wenye utulivu wakiifanya na mshipa ukatoka kama haujaguswa, na mapaja yakapona bila ile harufu. Wanaosoma mambo haya hawajakubaliana kuhusu miguu, wengine wanasema mishipa ya matundu huziba mapema, wengine hawaoni tofauti. Mimi najua ya chumba chetu tu. Chumba chetu kina haraka na majivuno, na hatuandiki popote nani alirudi. Swali lako la nne halina jibu kwa sababu hakuna aliyetaka kuhesabu, na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka.

Fungua paja huko huko. Kidonda kitakuwa kibaya. 

Sindano


20 Mei

Sindano,

Naandika nikiwa nimelala, ndiyo maana mistari imepinda. Barua yako ilifika tarehe 24, wiki nzima baada ya kisu. Nimetazama tarehe uliyoiandika mara mbili. Uliandika kabla ya kupata yangu. Hilo nimeliona, na nimelishika.

Sasa sikia habari za paja langu, maana umezistahili. Kila kitu ulichosema kimetokea. Limeachia katikati, mdomo wa kidonda unaingia ndizi nzima. Kuna vitu vya njano humo ndani vinavyoning'inia kama nyuzi za mshono mbovu. Mama yako ndiye anayesafisha. Anasafisha, anakwenda kwenye ndoo, anatapika, anasukutua, anarudi, anaendelea palepale alipoachia. Siku moja nzi alitua na mama yako alimtukana tusi ambalo sikujua analijua. Mtoto wa jirani alikuja kunijulia hali akaishia mlangoni, nami sikumlaumu, hata mimi ningeishia mlangoni kama ningeweza kuuacha mguu ndani.

Vidole viwili vimekatwa. Lakini unyayo una joto, mwanangu. Kijana mpole huja kila siku na kuweka vidole vyake juu ya mguu, anafumba macho, kisha anatabasamu. Nami ameshanifundisha kuutafuta mpwito wa damu. Upo. Usiku naugusisha na wa kulia, siwezi kujua upi ni upi. Nimelia kwa jambo hilo, na wewe usimwambie mama yako.

Sasa la kwako. Nimekusoma, nimechukizwa nawe, na sitakuficha. Kile ulichofanya kinanuka kuliko paja langu. Nilikufundisha kugeuza nguo ukatumia ujuzi huo huo kuficha baka. Lakini umeniambia mimi, na mimi si mwenye gauni. Unajua njia ya kwenda kwake. Nenda.

Mjomba wako, vidole vinane, vyote vya moto


28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama aliniambia kwenye simu kwamba kidonda kimeanza kujaza nyama nyekundu, na kwamba umemfokea kwa kupanga vitambaa vyako vibaya. Kwa hiyo unapona.

Nilimwambia Bingwa kwanza. Alikuwa ananawa mikono, hakuzima maji. Alisema wagonjwa wote huweka saini, akaniuliza kama nimechoka. Siku iliyofuata nikapelekwa chumba cha vidonda. Niko huko tena, na ile harufu, na napumua kwa pua sasa. Nimenunua daftari. Naandika kila anayerudi, kwa namna gani alitolewa mshipa na kwa mkono wa nani. Wangu nimeanza nao.

Kisha nikaenda kwa mwalimu. Nilipita mlango wake mara tatu. Anakaa chumba cha chini sasa, kwa ajili ya magongo. Alinikumbuka, akafurahi, akasema, "Wewe ndiye yule wa mikono mepesi!" Nilitaka kukimbia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, tangu mkasi uliokuwa ukigonga hadi vidole viwili vilivyougeuza mshipa. Nilimwonyesha kwa vidole vyangu.

Akafungua bandeji, akanivutia kiti karibu, akasema, "Tazama." Nikatazama kigutu. Kilikuwa na kidonda kidogo pembeni kinachotoa maji, kinanuka kidogo. Hakuniruhusu kukisafisha. Alinizuia mkono, akasema, "Mkono wako huo sitaki unifikie." Kisha akapandisha nguo kidogo hadi juu ya goti na kugusa kovu la kwanza kwa kidole. "Kila nesi anayeniona anayasifu haya," akasema. "Leo ndiyo naona yanavyochukiza."

Niliinuka kuondoka. Aliniuliza nani aliyenituma. Nikasema mjomba wangu, fundi wa nguo. Akauliza kama ni fundi kweli au ni wale wa kuweka viraka. Nikasema ni fundi kweli. Akanionyesha suruali zake kitandani, zote mguu wa kushoto umekunjwa na kubanwa kwa pini za nepi. Darasani pini zilifunguka mara moja, watoto wakaona.

"Sijakusamehe," alisema. "Chukua futi, andika."

Nimeandika, mjomba. Alisimama kwa gongo moja ameshika ukingo wa dirisha, nami nikapima bila kumgusa ngozi, kama ulivyonifundisha. Naleta vipimo kwako kwa kuwa sasa una mguu wa kukanyagia. Anataka rangi ya kijivu, na mstari wa pasi uonekane.

Kiuno sentimita themanini na nne. Nyonga mia moja na mbili. Mguu wa kulia, mia moja. Mguu wa kushoto, sabini na mbili.

Sindano